Kompyuta Mpakato Isiyopakatika

Haya, leo nina ugomvi. Nagombana na mawinga wa Kariakoo, nagombana na maofisa ununuzi wa serikali na wa mashirika, lakini kuliko wote nagombana na wewe, msomi mwenzangu wa mjini, unayechukua akiba ya miezi minane na kwenda kununua laptopu ya kilo mbili na nusu kwa sababu kibodi yake inawaka taa nyekundu.

Wataalamu wa Kiswahili walitutungia jina zuri kwa kifaa hiki: kompyuta mpakato. Wengi tunalicheka. Tunasema ni Kiswahili cha kwenye makamusi, halafu tunaendelea na laptopu yetu. Lakini hebu litazame tena jina hilo. Mpakato, kutoka kupakata. Mama anampakata mtoto. Anamweka mapajani, anasafiri naye kwenye daladala, mkono mmoja umemshika na mwingine unatoa nauli. Kitu cha kupakatwa hakikuchomi, hakikulemei, wala hakilii kila baada ya saa moja kitafutiwe ukuta wenye umeme.

Sasa niambie ukweli. Dude hilo ulilonunua linapakatika? Ukiliweka mapajani dakika kumi unaanza kuhurumia suruali. Ukilichomoa kwenye waya, saa moja baadaye limekata roho. Chaja yake peke yake ni tofali. Ndugu yangu, hiyo si kompyuta mpakato. Hiyo ni kompyuta ya mezani iliyokunjwa.

Simzungumzii mtu anayekaa sehemu moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Huyo anunue anachotaka. Namzungumzia mtu kama mimi na wengi wenu mnaosoma hapa: leo Dodoma, kesho kutwa Mtwara, wiki ijayo Nairobi kwenye warsha, na kila anakofika anatakiwa kusimama mbele ya watu, kuchomeka waya kwenye projekta na kueleza jambo. Kwa mtu huyo maswali ya kuuliza dukani ni manne, kwa mpangilio huu. Inapima kilo ngapi ikiwa na chaja yake? Inakaa saa ngapi bila umeme? Inaongeaje na projekta ya watu wengine? Na ikiibiwa au ikiharibika, napoteza nini? Prosesa ni swali la tano. Sisi tunaanza na la tano, na mara nyingi tunaishia hapohapo.

Twende Kariakoo basi. Unaulizia laptopu, winga anakujibu kwa pumzi moja: "Core i7 hii, bosi wangu!" Imeisha. Hiyo i7 ndiyo sifa, ndiyo ukoo, ndiyo cheti cha kuzaliwa. Na wewe mwenye digrii unatikisa kichwa kama umeelewa. Hakuna anayeuliza ni i7 ya mwaka gani.

Core i7-4600U ilitoka mwaka 2013. Ndani yake ina viini viwili vya kufanyia kazi. Core i5-8250U ilitoka mwaka 2017. Ina viini vinne. Zote mbili zimepangiwa kiwango kilekile cha wati 15. Yaani hiyo i5 unayoidharau inafanya mengi zaidi kuliko hiyo i7 unayotaka kuipigia picha. Kujua kizazi cha prosesa hakuhitaji kwenda chuo: tazama tarakimu zinazofuata kistari. 4600 ni kizazi cha nne, 8250 ni cha nane, 1135 ni cha kumi na moja. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2023 Intel wenyewe wameanza kuiacha hiyo herufi "i" kwenye prosesa mpya na kuleta majina kama Core Ultra. Wenye mali wanaiacha, sisi bado tunaiabudu.

Wala kizazi si suala la mbwembwe. Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyebaki nayo bila kujiandikisha kwenye mpango wa muda wa nyongeza hapati tena viraka vya usalama. Windows 11, kwa masharti yao rasmi, inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache za kizazi cha saba. Kwa hiyo yule anayekuuzia leo i7 ya kizazi cha nne au cha sita kwa bei ya kuchangamka, anakuuzia nyumba ambayo mwenye kiwanda ameshaacha kuikarabati. Utaniambia unaweza kuweka Linux. Sawa, na itafanya kazi vizuri tu. Lakini winga hakukuambia hivyo, na bei aliyokutajia haikuwa ya mashine ya kuwekewa Linux.

Tumalizane na prosesa, turudi kwenye uzito, maana hapa ndipo watu wananicheka. "Kilo moja ndiyo nini, kaka? Wewe si mwanaume?" Ni hivi. Mwaka 1981 ilitoka Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1. Walisema ni ya kusafiri nayo. Ilikuwa na uzito wa takribani kilo 11, kioo chake kilikuwa cha inchi tano, na ilitegemea umeme wa ukutani. Watu waliibeba na wakafurahi, kwa sababu hawakuwa na nyingine. Kutoka hapo historia yote ya kifaa hiki imekuwa historia ya kupunguza mzigo. Mwishoni mwa 2007 Asus wakaleta Eee PC isiyofika kilo moja. Januari 2008 Steve Jobs akatoa MacBook Air kwenye bahasha ya karatasi, kilo 1.36. Zaidi ya miaka arobaini wahandisi wanahangaika kukupunguzia mzigo mgongoni, halafu wewe unaingia dukani na kuchagua ile nzito kuliko zote kwa sababu "inaonekana ya kazi".

Piga hesabu. Laptopu ya gemu ya inchi 15.6 hucheza kwenye kilo 2.2 hadi 2.5, na chaja yake inaweza kukaribia kilo nzima. Laptopu ya kazi ya inchi 13 au 14 huwa kati ya kilo 1.2 na 1.6, na chaja yake haizidi uzito wa kitabu cha mfukoni. Tofauti ni kama kilo mbili. Kilo mbili hizo hazionekani kutoka kaunta hadi mlangoni. Zinaonekana ukiwa umesimama ndani ya daladala ya kwenda stendi ya Mbezi, begi mgongoni, saa kumi na moja alfajiri. Zinaonekana ukiwa kwenye bodaboda njia ya vumbi. Na zinaonekana zaidi siku ambayo unasema, "Aah, leo naiacha nyumbani." Mashine unayoiacha nyumbani kwa sababu ni nzito haina prosesa yoyote. Siku hiyo uwezo wake ni sifuri.

Swali la pili, betri. Sisi wa nchi hii ndio tulipaswa kuwa maprofesa wa somo hili. Tuliokuwepo tunaukumbuka mgawo wa mwaka 2006. Tukapata mwingine mwaka 2022, na mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 tukakaa tena gizani kwa ratiba. Na bado mtu ananunua laptopu bila kuuliza betri, utadhani anahamia Uswisi.

Betri ya laptopu husomwa kwa saa-wati, yaani Wh, na imeandikwa kwenye betri yenyewe au kwenye maelezo ya mashine. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Betri ya 50 Wh, kwenye mashine inayokula wati 8 ukiwa unaandika, inakupa takribani saa sita. Betri hiyohiyo kwenye mashine inayokula wati 25 kwa sababu ina kadi kubwa ya picha usiyoihitaji, inakupa saa mbili. Hivyo ndivyo mkutano unavyoanza saa nne na wewe ukawa mtu wa kuomba soketi saa sita.

Kama unanunua ya mtumba, usikubali kauli ya "betri iko poa". Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, piga Enter. Mashine inakuandikia ripoti. Humo utaona betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo inajaa kiasi gani. Ukikuta ilizaliwa na 50 na leo inajaa 21, unaye mgonjwa mkononi, na bei ishuke au uondoke. Ni dakika mbili tu. Winga atanuna. Mwache anune.

Angalia pia chaja. Laptopu inayochajiwa kwa tundu la USB-C inakufanya ubebe chaja moja, tuseme ya wati 65, ikajaza laptopu na simu. Ikipotea Iringa, una nafasi nzuri ya kuazima au kununua nyingine. Ile yenye pini ya ajabu inayoingia kwenye modeli moja tu duniani, ikipotea umepotea nayo. Umoja wa Ulaya wametunga sheria kabisa ya kuzilazimisha laptopu nazo zichajiwe kwa USB-C, na tarehe waliyoiweka ni 28 Aprili 2026. Na kama unapanda ndege, betri isiyozidi 100 Wh huingia nayo bila kuomba ruhusa ya shirika, wakati betri za akiba na zile za kuchajia simu zinatakiwa kukaa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Sasa projekta, mada inayonitoa povu.

Mwaka 1987 vilizaliwa vitu viwili. IBM walileta muunganisho wa kioo uitwao VGA, ile plagi ya bluu yenye pini kumi na tano na skrubu mbili za pembeni. Mwaka huohuo ikatoka programu ya PowerPoint, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na kabla mwaka haujaisha Microsoft wakawa wameinunua. Tangu hapo viwili hivyo vimekuwa bwana na bibi wa kila warsha. Mwishoni mwa 2010 kampuni kubwa za kompyuta, Intel na AMD zikiwemo, zilitangaza kwamba VGA inaelekea kuzikwa ifikapo 2015. Nenda leo kwenye kumbi za halmashauri zetu uone kama imezikwa. Projekta imening'inia darini, waya wa bluu umeshuka ukutani, na laptopu ya mtoa mada ina matundu mawili madogo ya USB-C na hakuna kingine.

Kinachofuata mnakijua. Watu themanini wamekaa. Mgeni rasmi anatazama saa. Vijana watatu wa kompyuta wameinama juu ya meza. Mtu anatumwa mjini kutafuta adapta. Mshereheshaji anatuomba tusimame tujinyooshe. Nusu saa imekwenda, na watu themanini mara nusu saa ni saa arobaini za kazi, yaani wiki nzima ya mtu mmoja. Tumeitupa kwa sababu ya kipande cha plastiki kinachoingia kwenye mfuko wa shati.

Basi shika haya. Ukipata laptopu yenye tundu la HDMI mwilini, mshukuru Mungu na uinunue, nusu ya tatizo imeisha. Kwa upande wa VGA beba adapta yako mwenyewe, na uitazame vizuri: inayotoa HDMI kwenye laptopu kwenda VGA ya projekta si sawa na inayotoka VGA kwenda HDMI. Adapta hizi hupitisha njia moja tu, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha. Na si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya chaja na mafaili tu. Tafuta alama ya radi au herufi za DP pembeni ya tundu, au soma maelezo ya modeli kabla ya kulipa. Hili peke yake limewaumbua watu wengi waliodhani tundu ni tundu.

Kisha kuna mtoa mada mwenyewe. Projekta nyingi za zamani zina umbo la 1024 kwa 768, karibu mraba, na laptopu za siku hizi ni pana. Maandishi uliyoyasukuma pembeni yatakuwa madogo kama sisimizi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague namna vioo viwili vitakavyofanya kazi. Ukichagua kutanua badala ya kurudia, hadhira inaona slaidi na wewe unabaki na maelezo yako. Zima taarifa za WhatsApp kabla ya kuchomeka waya. Tumeshasoma jumbe za mapenzi za mabwana wakubwa ukutani, futi nane kwa sita, na bado tukaombwa tusipige picha. Na hifadhi nakala ya PDF kwenye fleshi na nyingine kwenye barua pepe, maana mwaka 2017, kuanzia Machi hadi Julai, Marekani ilizuia laptopu ndani ya ndege zilizotoka Dubai, Doha na viwanja vingine kadhaa, na abiria wakalazimika kuzituma na mizigo. Mashine yako inaweza kutenganishwa nawe wakati wowote. Mada yako isitenganishwe nawe.

Sasa swali la nne, ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Ikiibiwa unapoteza nini?

Mimi ni mwandishi wa habari. Ndani ya laptopu yangu kuna majina. Kuna muuguzi aliyenieleza dawa zinakokwenda, kuna mkulima aliyenionyesha karatasi ya mpaka wa shamba lake, kuna karani aliyenipa nakala ya hati na kuniomba nimsahau. Mwizi wa kwenye basi anataka kuuza mashine tu. Lakini mashine ikishauzwa inafika kwa fundi, fundi ana macho, na mji ni mdogo. Diski isiyofungwa kwa siri haihitaji nywila yako ya Windows. Inachomolewa, inachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na kila kitu kiko mezani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza RAM, uliza kama mashine inaweza kuifunga diski nzima. Windows toleo la Pro ina BitLocker, Mac ina FileVault, Linux nayo ina njia zake. Iwashe siku ileile ya kwanza, na ule ufunguo wa akiba uuandike mahali pengine, usiuweke ndani ya begi lilelile. Wewe si mwandishi? Una wateja, una wagonjwa, una wanafunzi, una mikataba ya watu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, hayo majina ni amana.

Nihamie kwa ndugu zetu wa ununuzi. Ninasoma matangazo ya zabuni kwa sababu ndiyo kazi yangu. Utakuta "laptopu, Core i7, RAM kadhaa, diski kadhaa", nukta. Uzito hakuna. Muda wa betri hakuna. Matundu hakuna. Kufunga diski hakuna. Halafu mzigo ukifika, unagawanywa kwa cheo. Mkurugenzi, ambaye safari yake ni kutoka mezani hadi kwenye gari, anapewa mpya yenye nguvu, anafungulia barua pepe. Kijana anayetumwa Kigoma anapewa ile iliyovunjika bawaba, kioo kimeshikiliwa na gundi, betri inakaa dakika ishirini. Kisha anaulizwa kwa nini habari imechelewa! Jamani, chombo kimpe anayesafiri. Hili halihitaji semina.

Najua majibu yenu. Wa kwanza anasema, "Mimi nahariri video, nahitaji nguvu." Kweli, na wewe sina neno nawe. Lakini jihesabu kwa haki: mwaka jana ulihariri video ngapi, na ulipanda mabasi mangapi? Wa pili anasema laptopu nyepesi ni ghali, na huyu ndiye mwenye hoja nzito. Mpya ni ghali kweli, na mishahara yetu naijua. Ndiyo maana natetea mtumba, ila mtumba wa akili. Mashine za maofisini za Ulaya na Marekani za mwaka 2018 hivi, kama ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, nyingi zina prosesa za kizazi cha nane. Zina HDMI, zinachajiwa kwa USB-C, ziko karibu na kilo moja na nusu, na RAM yake fundi anaiongeza kwa bisibisi. T480 ina betri mbili, na moja unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Hazing'ai. Hazina taa nyekundu. Hakuna atakayekugeukia mgahawani. Wa tatu anataka Mac. Air ya M1 ya mwaka 2020 haina hata feni, ina kilo 1.29 na betri yake ni ya kuaminika, lakini ina matundu mawili tu ya USB-C, kwa hiyo adapta iwe sehemu ya bei, isiwe mshangao wa ukumbini.

Na huyo wa nne, ambaye hasemi lakini anafikiri: "Watu watanionaje?" Huyo ndiye niliyemkusudia tangu mwanzo. Watu watakuona ukiwa umesimama mbele yao, slaidi ya kwanza iko ukutani kwa wakati, na unaongea. Au watakuona umeinama chini ya meza unatafuta soketi. Nembo iliyo mgongoni mwa kioo chako wala hawataikumbuka.

Siku ya kununua, omba kiti. Kaa. Iweke mapajani bila waya, fungua ukurasa, andika robo saa, kwa haraka, kama una dedlaini. Sikiliza feni. Gusa chini yake. Tazama betri imeshuka kiasi gani. Kisha itie kwenye begi lako pamoja na chaja, uvae, utembee mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Winga akikataa, maduka yako mengi. Ikishindwa kupakatika Kariakoo, haitapakatika Mbeya.